Keri wa Moshi Ametoa Faida

Mtaa wa Kanisa,
Nainokanoka,
Ngorongoro.

14 Juni 2025

Mpendwa shemeji yangu, Pakiteng,

Bwana Yesu asifiwe, na baada ya hapo, sopai. Najua huko Newala huna wa kukusalimu kwa lugha yetu hivyo, basi itikia peke yako hapo getini kwenye ghala la korosho, mimi nitahesabu kwamba nimesikia.

U hali gani? Kifua kilichokuwa kinakubana kimeachia, au vumbi la magunia bado linakusumbua? Unakula nini? Dada yako ananiuliza kila mara kama huko maziwa yanapatikana, nami namjibu yanapatikana, lakini kwa kweli sijui, nasema hivyo ili alale. Niambie, maana nisingependa kuendelea kusema nisichokijua.

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti la dada yako Nalotuesha lilivimba wakati wa baridi kuanza, sasa anatembea, ila kushuka bondeni hawezi. Mama yenu ana nguvu zake. Haoni vizuri lakini anasikia hata anayepita kimya. Mvua zilikuja zikachelewa kuondoka, majani yapo, ukungu nao upo, asubuhi unaweza kuita ng'ombe wako usiwaone mpaka wakupumulie mkononi. Kanisani tumeezeka upande mmoja. Upande wa pili tunamngojea Bwana na mabati.

Pakiteng, sasa nisikufiche. Ng'ombe wako saba walioko kwa kaka yako Tobiko wanataka kuuzwa. Watapelekwa mnada wa Karatu tarehe 7 Julai kama neno lako halijafika. Kaka yako anasema ni mapenzi yako. Mimi sijui kama ni mapenzi yako. Nimepiga simu yako tangu wiki ya Pasaka, na yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kwa heshima ileile kila siku kwamba hupatikani. Ndiyo maana nimechukua kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipokuandikia habari za ukame. Nitakueleza yote kama yalivyokuja, na wewe uliye mbali labda utaona njia, maana mimi niliye karibu naona ukungu tu.

Mwezi uliopita Tobiko alikwenda mnadani tarehe 25. Ilikuwa Jumapili, nikanyamaza. Aliporudi hakuleta chumvi wala dawa ya kupe, alileta habari. Dalali mmoja anayeitwa Benson, yule anayenunua madume kwa ajili ya machinjio, alikuwa amemwonyesha kwenye simu biashara ya sarafu za mtandaoni. Jumanne Tobiko akanijia na simu yake mpya ya kupangusa, tukapanda kule kwenye jiwe ambako mtandao unashika.

"Shemeji," akaniambia, "Mungu amewakumbuka wafugaji. Hii ni ng'ombe isiyokula majani. Haiugui ndigana, haidai chumvi, na fisi hajui inalala wapi."

Nikamuuliza inatoa maziwa wapi. Akacheka, akasema ndiyo maana mimi ni mwinjilisti na si tajiri.

Pakiteng, niliangalia. Ulikuwa ukurasa mzuri sana, siwezi kusema uongo. Mweusi kama usiku usio na mwezi, na katikati mstari wa kijani unapanda kama njia ya kutoka Lodoare kuelekea ukingoni mwa kreta. Namba zinabadilika zenyewe. Ukigusa kitufe kinabonyea kidogo kama mtu aliyekusikia. Na chini kabisa kuna majina yanapita, moja baada ya jingine, kutoka kulia kwenda kushoto, ya watu waliokwisha kupata. Tobiko hasomi haraka, basi mimi nikawa nasoma kwa sauti. Narok wa Arusha ametoa faida laki nane na nusu. Akapita. Naibor wa Iringa ametoa faida milioni moja na laki moja. Akapita. Sambu wa Dodoma.

Hapo sauti yangu ikaanza kupungua. Nikajisemea moyoni, baada ya Sambu sasa atakuja Mugie, kwa sababu Mugie hamwachi Sambu hata siku moja. Akaja Mugie wa Tanga.

Umeelewa, shemeji? Walikuwa ng'ombe wangu. Si majina yanayofanana na ya ng'ombe wangu. Walikuwa wanapita mmoja mmoja kwa mpangilio uleule wanaotokea langoni asubuhi, Narok mbele kwa kiburi chake, Arus katikati akisukumwa, mpaka wa kumi na mbili. Na wa kumi na mbili unamjua ni nani. Keri wa Moshi ametoa faida milioni mbili na laki nne.

Keri! Yule aliyevunjika mguu wa nyuma tukamfunga vibaya akawa anachelewa kila safari. Keri alikufa Novemba ya ukame, mwaka 2022, nikiwa nimeshika pembe yake ili kichwa kisizame kwenye tope. Ngozi yake ndiyo ninayolalia mpaka leo. Nilikaa pale kwenye jiwe nikamtazama Keri anapita kwenye simu na faida yake, nikasema Ee Bwana, hii ni nini. Sikuogopa kama mtu anavyoogopa simba. Niliogopa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta mlango umehamishwa.

Na nyuma ya Keri, mahali ambapo huwa anatembea mchungaji na fimbo yake, likapita jina jingine. Kisioki wa Mtwara ameweka laki tisa.

Mimi na wewe hatujaitana majina tangu siku ile ya harusi yako nilipokupa yule ng'ombe, miaka kumi na tisa. Wewe kwangu ni Pakiteng, mwenzangu wa ng'ombe, nami kwako ni Pakiteng. Kwa hiyo jina lako nililisoma kama jina la mtu mgeni kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba Kisioki ni wewe.

Tobiko akapiga paja. "Umeona? Ndicho nilichokuleta uone. Mwenye ng'ombe mwenyewe ameshaingia! Mimi kaka yake nangoja nini?" Mpango wake ni kuuza saba wako na watatu wake, na fedha yote aiweke humo, yako kwa jina lako. Hakuibii, Pakiteng. Nataka uelewe hilo kabla ya yote. Kaka yako alipoteza ng'ombe arobaini na moja mwaka ule wa ukame, na tangu hapo kila anapoona wingu analihesabu. Amechoka kumiliki kitu kinachokufa.

Sasa nikuambie ya Resiato, mpwa wako.

Unakumbuka niliuza mtamba mmoja ili anunuliwe kompyuta alipokuwa anasoma Arusha. Siku ilipofika tuliiweka mbele ya madhabahu, nikaiombea, na wazee wa kanisa wakasema Amina. Sasa amepanga chumba Karatu mjini nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, anatengeneza kurasa za mtandaoni za kambi za watalii na za wenye magari. Nilikuwa najivunia bila kujua anafanya nini hasa. Watu wakiniuliza nilisema, anafanya mambo ya kompyuta, nao walisema aaa, na sote tukaridhika.

Tarehe 7 mwezi huu niliteremka Karatu, nikamkuta amefungua ile mashine, nikampa jina la ule ukurasa aliloniandikia Tobiko kwenye karatasi. Akaufungua. Majina yakaanza kupita. Kwanza akacheka, akaziba mdomo kwa mkono kama anavyofanya mama yake. "Baba, huyu si Sambu!" Halafu akaona milioni zilizoandikwa, na Moshi, na Tanga, akaacha kucheka.

Nikamwambia anieleze polepole, kama anayemfundisha mtoto wa kipaimara.

Akasema, "Baba, mimi ni mtu wa mbele. Ukurasa una mbele na nyuma. Mbele ni unachokiona: rangi, vitufe, maandishi. Nyuma ndiko zinakokaa fedha na hesabu, na huko mimi siingii, anatengeneza mwingine."

Akaeleza kwamba kuna lugha tatu. Ya kwanza ni ya kusimamisha fito, ya pili ni ya kupaka na kupamba, ya tatu ni ya kufanya vitu vitikisike mtu akivigusa. Akanionyesha jinsi anavyovuta ukurasa ukawa mwembamba kama wa simu, na maandishi yote yakajipanga upya yenyewe, hakuna lililobaki nje, kama mbuzi wanaoingia kwenye zizi dogo wakati wa mvua. Nilishangaa, Pakiteng. Ni kazi safi. Nikamwambia basi wewe ni kama bibi yako, unasimamisha fito na kukandika nyumba. Akasema ndiyo baba, hivyo hasa. Nikamuuliza, na nani anaishi ndani ya nyumba hii? Maana bibi yako akimaliza kukandika anaingia, anawasha moto.

Akasema, "Mteja atahamia baadaye."

Nikauliza mteja ni nani. Hajui. Mwaka juzi mtu alimwandikia kwa ujumbe, hakuwahi kumwona uso, akamtumia mchoro wa jinsi anavyotaka ukurasa uonekane, akamwambia mahali pa majina weka majina yoyote ya mfano, tutayaondoa tukianza kazi. Wenzake wakiambiwa hivyo huandika Jina la Kwanza, Jina la Pili. Yeye aliandika ng'ombe. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa anafungua lango asubuhi, na yale ndiyo majina kumi na mawili anayoweza kuyaandika hata akiwa amesinzia. Aliweka miji ili ipendeze. Alilipwa laki tatu. Laki moja alituletea, tukanunua bati za kwanza za kanisa. Hizo ndizo ziko juu ya kichwa changu ninapohubiri.

"Na zile namba zinazopanda?" nikamuuliza.

"Za kwangu pia. Nilizifanya zibadilike kila baada ya sekunde tatu ili mteja aone itakavyokuwa."

"Zinapanda kwa sababu gani?"

"Kwa sababu niliziambia zipande, baba."

"Na zikishuka?"

"Zinashuka kidogo. Zisiposhuka mtu haamini."

Neno hilo nimelibeba tangu siku ile. Nalitazama, nalirudisha mfukoni, nalitoa tena.

Nikamwambia basi yote ni uongo, twende tukamwambie mjomba wako Tobiko. Hapo akanichanganya zaidi. Akasema hawezi kuapa. Sarafu hizo zenyewe zipo duniani, zinauzwa na kununuliwa, watu wengine wanapata na wengine wanapoteza. Huenda huko nyuma wameshaunganisha namba za kweli na wakasahau tu kuondoa ng'ombe. Rangi ya vitufe imebadilishwa, hakuiacha hivyo. Neno la siri alilokuwa nalo halifungui tena. Amemwandikia yule mteja mara nne, hajibu. "Mbele haikuonyeshi nyuma, baba," akasema, na machozi yakamtoka, nami nikamwomba anunue chai.

Nimejaribu kuielewa hiyo sarafu kwa njia yangu. Unajua sikukuu ya mavuno tunavyonadi kanisani. Mama mmoja analeta yai, mnadishaji analiinua juu, mtu anatoa elfu tano, analirudisha linadiwe tena, mwingine elfu kumi, linarudi, mwaka jana yai moja lilifika elfu sabini. Nikamuuliza Resiato, sarafu ni kama yai la mavuno? Akafikiri sana. Akasema, karibu hivyo. Lakini Pakiteng, sisi tunajua wote kwamba lile ni yai, na elfu sabini ni ya Bwana. Aliyeondoka na yai anakwenda kulikaanga na kucheka. Sasa wale wanaonunua yai wakiamini kesho litakuwa ng'ombe, nani atakuwa amelishika jua likizama? Nimeishia hapo. Elimu yangu ya darasa la saba na mwaka mmoja wa chuo cha Biblia haivuki mto huo.

Kisha nikamuuliza kuhusu wewe. Nikamwonyesha jina lako nyuma ya Keri.

Alilitazama mpaka likapita mara tatu. Akasema, "Mjomba sikumwandika. Nadhani sikumwandika." Nikamwambia kudhani hakunisaidii. Akasema, "Baba, niliandika ng'ombe kumi na wawili, hilo nakumbuka. Lakini kama ningemwandika mjomba, ningemweka hapohapo. Si ndiye aliyekuwa anatembea nyuma ya Keri?"

Ni kweli. Ulikuwa wewe. Ulikuwa humpigi, unamngoja. Na mwaka juzi tayari ulikuwa huko mkoa wa Mtwara, angejua kuandika Mtwara. Lakini wale wote wametoa, wewe peke yako umeweka. Na mlinzi wa ghala anapata wapi laki tisa? Nikifika hapa huwa naamua kwamba si wewe. Baada ya dakika chache nakumbuka hupatikani kwenye simu tangu Pasaka, nabadilisha mawazo.

Dada yako hanisaidii. Jumatatu alisema, "Kaka yangu angekuwa na laki tisa angeninunulia dawa ya goti." Jumatano akasema, "Kisioki alikuwa anapenda vitu vipya tangu utoto, alinunua redio kabla ya blanketi." Nimemwomba achague moja.

Nilimwendea Tobiko Jumapili ya Pentekoste jioni. Unajua ni kaka wa mke wangu tena amenizidi umri, siwezi kumwambia umekosea kama ninavyomwambia mtu mwingine. Nilikaa, nikanywa chai, nikauliza habari za kila mtu, ndipo nikamwambia kwamba wale watu waliopata faida ni ng'ombe wangu.

Akaniuliza, "Si wapo watu wanaoitwa Sambu?"

"Wapo. Lakini hawatoki langoni nyuma ya Naibor na mbele ya Mugie."

"Shemeji, kila Jumapili unatuambia punda alisema na Balaamu. Punda! Sisi tunaitika Amina. Leo ng'ombe wako wamefanya biashara kidogo tu, wewe ndiye wa kwanza kukataa?"

Watoto wake wakacheka, hata mimi nikacheka, nisiseme uongo. Lakini sikukubali kuondoka. Nikamwambia Keri amekufa, ulikula nyama yake. Hapo akasema kwa sauti ya chini, si ya mzaha tena, "Na Kisioki? Naye ni ng'ombe?"

Swali hilo ndilo lililoniondoa, Pakiteng. Nilisimama katika boma la kaka yako na Biblia kwapani, nikaaga.

Resiato alipanda kuja nyumbani kesho yake. Hakulala siku hizo, macho yalikuwa mekundu. Akasema, baba, mimi ninachojua ni mbele tu, basi nitatumia mbele. Alfajiri ya Jumanne akasimama langoni na simu, akawapiga picha mmoja mmoja wanavyotoka. Narok hakutaka, ilibidi nimshike. Ametengeneza ukurasa wake, mdogo, mweupe, usio na kitu kinachotikisika. Kila ng'ombe na picha yake na jina lake, na chini yake maneno: huyu ni ng'ombe, yuko Ngorongoro, hajawahi kununua wala kuuza sarafu, jina lake liliandikwa na mimi kama mfano. Akaweka jina lake kamili. Nilimwuliza kama haogopi kwamba wateja wa Karatu watamwona. Akasema anaogopa. Akauweka.

Sijui kama alitenda dhambi, shemeji. Hakumdanganya mtu. Aliandika mfano, na mtu mwingine akauacha mfano ukae mahali pa ukweli. Nimemwambia Mungu anaona moyo. Lakini nimelala nikiwaza yale mabati. Wewe ni mjomba wake, baraka yako ni nzito kwake kuliko mahubiri yangu. Mwandikie walau mstari mmoja.

Tobiko tulimwonyesha ukurasa huo juzi. Hakusema neno la mzaha. Alimtazama kila ng'ombe, akawa anawataja kabla hajafika kwenye jina, kama mzee anavyofanya zizini kwake. Kwa Keri hakuna picha, maana alikufa kabla Resiato hajawa na simu nzuri, basi ameacha kisanduku cheupe na jina chini yake. Na baada ya Keri kuna kisanduku kingine cheupe, chenye jina lako, na chini yake hajaandika kitu. Nilimwambia akiondoe. Akasema, baba, siwezi kuandika kwamba si yeye, na siwezi kuandika kwamba ni yeye.

Tobiko akaweka kidole juu ya kisanduku hicho. Akasema, "Ng'ombe nimewaona. Mdogo wangu yuko wapi?"

Ndipo akakubali kuuruka mnada wa tarehe 25 mwezi huu. Atangoja mpaka wa tarehe 7 Julai, hatavuka hapo, na Benson anampigia kila siku. Wako saba wote wazima. Yule mwekundu mwenye baka shingoni ana mimba, atazaa kabla ya vuli. Nilikwenda leo asubuhi nikawapitia mmoja mmoja ili nikikuandikia niwe nimewaona kwa macho, si kwenye simu.

Barua hii inakuja na lori la vitunguu. Qamara wa Mang'ola anapakia kesho kutwa kwenda Mtwara, amenihakikishia utingo wake ataipandisha kwenye basi la Newala na kuiacha kwa mchungaji wa usharika wenu. Ikikufikia, mtumie Qamara shukrani, naye amekataa hata nauli ya bahasha.

Sasa nakuuliza kama ndugu. Kama uliweka laki tisa, sema tu, hakuna atakayekucheka hapa, hata Tobiko. Kama hukuweka, sema hivyo. Na kwa kuwa sasa siamini jina hata nikiliona limeandikwa, fanya hivi. Ukipiga simu kwa namba mpya, au ukituma ujumbe, au ukiandika, anza na rangi ya yule ng'ombe niliyekupa siku ya harusi yako. Sitaiandika hapa. Tunaijua wawili, na mama yenu, ambaye ndiye aliyemkamua. Nikiiona rangi hiyo nitajua ni wewe, na lolote utakalosema baada yake nitalipeleka kwa kaka yako kama lilivyo, kwamba wauzwe au wasiuzwe.

Mama anakusalimu. Nilipomweleza habari hizi zote alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu, kama Keri amerudi. Nalotuesha anakusalimu na goti lake. Tobiko anakusalimu, ingawa hajui kama nimemwandika vizuri. Resiato anakusalimu kwa aibu. Wasalimu walinzi wenzako, wale wa Kimakonde waliokutunza ulipougua malaria, waambie tunawaombea kwa majina.

Mungu aliyemhesabia Ayubu ng'ombe wake mara ya pili akulinde getini hapo, akupe usingizi wa mchana na macho ya usiku, akurudishe kwetu ukiwa na miguu yako miwili.

Kisanduku cha Keri kitabaki cheupe, hilo tumelikubali. Chako bado kipo wazi. Tafadhali jibu upesi, kabla ya tarehe 7.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,

Pakiteng
(Mwinj. Parmuat)